Mtu Asiye na cha Pili: Mhadhara juu ya Filamu ya "Ladri di biciclette"

  

Nawashukuru kwa kulikubali ombi langu kwamba filamu itangulie na maneno yafuate. Taa zilipowashwa nilipita katikati ya viti nikaona watu wakipangusa macho. Kijana mmoja wa safu za nyuma alinisimamisha akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo baiskeli haikupatikana kweli?" Haikupatikana, mwanangu. Jioni hii nataka nieleze kwa nini kutopatikana kwake kunatuuma sisi ambao wengi wetu hatujaikanyaga Roma, zaidi ya miaka 70 tangu filamu hii itengenezwe.

Sikuja kusimulia historia ya sinema ya Italia. Nia yangu ni moja: tujifunze kuitazama filamu ya dhiki ya mjini kwa namna ambayo maskini aliyemo atabaki mtu mzima mbele yetu, mwenye akili, hesabu na aibu zake, asigeuke kuwa picha ya kututoa machozi tu. Nina hoja nne. Hazilingani kwa urefu, na ya tatu ndiyo iliyonileta hapa.

Kwanza mambo machache ya kujua. Filamu hii ilitoka mwaka 1948, miaka mitatu baada ya vita kuu kwisha. Mwongozaji ni Vittorio De Sica, ambaye kabla ya hapo Waitaliano walimjua zaidi kama mwigizaji mtanashati wa vichekesho vya mapenzi. Muswada uliandikwa na Cesare Zavattini akisaidiana na wenzake, kutoka katika kitabu cha Luigi Bartolini. Sehemu kubwa ilipigwa mitaani, kwenye mwanga wa kweli na watu wa kweli. Lamberto Maggiorani, aliyeigiza kama Antonio, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Mtoto Bruno ni Enzo Staiola, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka minane. Inasimuliwa kwamba mtayarishaji mkubwa wa Marekani, David O. Selznick, alikuwa tayari kutoa fedha iwapo Antonio angeigizwa na Cary Grant. Ebu mfikirieni Cary Grant, na ule uso uliozoea hoteli kubwa, amebeba ngazi na ndoo ya gundi! De Sica alikataa, akazunguka kutafuta fedha kwa shida kwingineko. Kukataa kule ndiko kulikotupa filamu tuliyoitazama leo.

Hoja ya kwanza: umaskini ni kukosa cha pili

Turudi mwanzo kabisa. Mmeuona umati wa wanaume mbele ya ngazi, huko Val Melaina, pembezoni mwa Roma, maghorofa yamesimama kwenye uwanja wa vumbi na wanawake wanapanga foleni bombani. Ofisa anaita majina. Antonio Ricci hayumo katika umati. Amekaa ng'ambo ya barabara, amechoka kusubiri kuitwa, na mwenzake ndiye anayemkimbilia kumwambia kwamba jina lake limetajwa. Kazi ni ya kubandika mabango, kazi ya manispaa, yenye mshahara wa kueleweka. Sharti ni moja, awe na baiskeli. Anayo, ila iko rehani.

Mtazameni Maria, mkewe. Ametoka kubeba ndoo za maji. Anamsikiliza mumewe akilalama, kisha anaingia chumbani na kuanza kutandua kitanda. Anayatoa mashuka aliyokuja nayo alipoolewa, yale ambayo mwanamke huyatunza kama heshima yake. Hana hotuba. Kwani mtu hawezi kulala bila shuka? Anayafua, anayafunga, na wanakwenda nayo kwenye nyumba ya rehani.

Hapo ndipo De Sica anapoonyesha jambo ambalo kitabu kingehitaji kurasa kumi kulieleza. Antonio amechungulia dirishani. Karani amelichukua furushi la mashuka yao na anapanda nalo kwenye rafu. Anapanda, anapanda tena, na kamera inamfuata hadi tunaona kwamba ukuta mzima, kuanzia chini hadi karibu na dari, umejaa mafurushi kama lile. Kila furushi ni kitanda cha mtu. Kila furushi ni mwanamke fulani aliyesimama chumbani kwake asubuhi moja akatandua. Baada ya kuiona rafu ile sihitaji kuambiwa ni familia ngapi za Roma ziko katika hali hii.

Sasa kuna mtu atasema, na nimeshaambiwa hivyo darasani: "Mbona hawa si maskini sana? Wana nyumba ya ghorofa, wana meza na kitanda, mtoto wao mkubwa anafanya kazi kwenye kituo cha mafuta." Ni kweli, na hapo ndipo penye busara ya filamu hii. Umaskini wa akina Ricci hauonekani kwa kuhesabu vilivyomo ndani. Unaonekana pale unapogundua kwamba kila kilichomo kimesimama peke yake, hakuna kingine nyuma yake. Baiskeli ni moja. Akiba ya nyumba ilikuwa mashuka, na mashuka yameshapanda rafuni. Kazi ni moja, na foleni ya wanaoitaka mmeiona. Mwenye nacho akiibiwa baiskeli amepoteza baiskeli. Antonio akiibiwa amepoteza baiskeli, kazi, mashuka na muda wote wa kusubiri kuitwa, vyote katika dakika ile moja anapolinyoosha bango la Rita Hayworth ukutani na mgongo wake umegeukia barabara.

Mniruhusu nitoe mfano wa nyumbani. Marehemu baba yangu alikuwa seremala. Alikuwa na baiskeli moja, Phoenix ya Kichina, aliyofungia msumeno na randa kwenye keria kila asubuhi. Usiku baiskeli ile ililala ndani, na sisi watoto tulitandikiwa mkeka kati yake na mlango. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba mkeka ule haukuwekwa pale kwa sababu ya upepo. Yeyote ambaye angeifuata ilibidi ajikwae kwetu kwanza. Sisi tulikuwa komeo la baiskeli. Simlaumu baba. Bila baiskeli ile hakuna ambacho mkeka ule ungekuwa unalinda.

Na leo, hapa nje ya ukumbi huu, kuna vijana wa bodaboda wanaoendesha pikipiki za watu. Jioni wanapeleka hesabu. Pikipiki ikiharibika, hesabu iko palepale. Pikipiki huibwa, hesabu haiibwi. Naona mama yangu pale mbele unatikisa kichwa, bila shaka yupo unayemjua.

Niongeze jambo dogo ambalo huenda limewapita. Katikati ya msako, Bruno anajisogeza ukutani ili ajisaidie haja ndogo. Kabla hajafungua vizuri, baba anamwita kwa ukali, na mtoto anakimbia akiwa amejibana. Wakaguzi wa filamu wa Marekani walitaka kipande hicho kikatwe, wakidai kinakiuka maadili. De Sica hakukubali. Nadhani alijua ana nini mkononi. Hata dakika moja ya mtoto kukojoa ilikuwa ya kukopa, kwa maana muda nao, katika Jumapili ile, haukuwa na wa pili.

Hoja ya pili: milango yote iko wazi

Filamu nyingi za dhiki hutupa mtu mbaya wa kumchukia, kama tajiri mnene, bosi katili au polisi mla rushwa. Hapa hayupo. Antonio anabisha hodi kwa kila taasisi ya mji wake, na kila taasisi inamfungulia.

Polisi wanamfungulia. Askari anaandika taarifa yake vizuri, anaichukua, kisha anamshauri akaitafute mwenyewe. Mwenzake anapopita na kuuliza kuna nini, anajibiwa kwamba hakuna kitu, ni baiskeli. Kwa Kiswahili ningemalizia jibu lile kwa neno letu dogo: baiskeli tu. Hoja yangu yote ya kwanza imezikwa ndani ya "tu" hiyo. Karani wa polisi si mtu mkatili. Amekaa upande ule wa meza ambako vitu vina vya pili.

Antonio anashuka kwenye chumba cha chini ambako wafanyakazi wanakutana. Mkutano unahusu ajira. Anapoinua sauti kumtafuta rafiki yake Baiocco, anaambiwa anyamaze, anavuruga. Nawaomba wenzangu wa semina na makongamano tulitazame tukio hili zaidi ya mara moja.

Kanisani, waungwana wamejitolea kuwanyoa maskini ndevu na kuwapa supu baada ya ibada. Wanafanya kwa moyo mwema. Antonio ameingia akimfuata mzee anayemjua mwizi, na katikati ya sala anambana amwambie anakoishi. Kila mara ananyamazishwa, na mzee anaponyoka. Mwisho anakwenda hata kwa mpiga ramli, yule mama ambaye Antonio alimcheka Maria kwa kumwendea. Anapanda ngazi zilezile, na anaambiwa kwamba ama ataipata sasa hivi, ama hataipata kamwe.

Kila mmoja ametoa alichonacho. Polisi ametoa karatasi, mkutano umetoa hotuba, kanisa limetoa supu, mpiga ramli ametoa utabiri. Hakuna mwenye baiskeli.

Waliompa kitu chenye uzito ni wazoa taka. Baiocco na wenzake wanaamka alfajiri na gari lao la taka, wanakwenda naye soko la Piazza Vittorio, na hapo wanagawana kazi kama mafundi. Wanajua kwamba baiskeli iliyoibiwa haiuzwi nzima. Basi mmoja atazame fremu, mwingine tairi, na Bruno atazame kengele na pampu. Ni msako wa watu wanaoijua biashara. Nilipoitazama mara ya kwanza nilikumbuka mitaa yetu ya vipuri, na miaka baadaye, nilipoiona "Nairobi Half Life" ya David Gitonga, ya mwaka 2012, nikaona jambo lilelile kutoka upande wa pili wa kaunta. Mwas, kijana aliyekuja Nairobi kuwa mwigizaji na akaporwa mara tu alipofika, anaishia kwenye kundi linalong'oa vipuri vya magari ya watu. De Sica ametuonyesha anayetafuta kengele yake kwenye lundo, na Gitonga ametuonyesha mkono unaoileta kwenye lundo. Filamu hizi mbili zingefaa sana kutazamwa jioni moja.

Hoja ya tatu: wezi, kwa wingi

Marekani filamu hii ilioneshwa kwa jina la umoja, "Mwizi wa Baiskeli". Jina la Kiitaliano liko katika wingi, mwizi ni wingi na baiskeli ni wingi. Katika Kiswahili tofauti hiyo ni ya silabi moja tu mwanzoni mwa neno, lakini naomba tuishikilie: "Wezi wa Baiskeli". Aliyesema "mwizi" ameshahukumu. Ametupa mtu mmoja wa kumtafuta. Aliyesema "wezi" ametuacha tukihesabu, na hesabu inapofika mwisho tunamkuta ndani yake mtu tuliyekuwa tukimwombea tangu mwanzo.

Mwizi wa kwanza anapatikana. Ni kijana mwenye kofia ya jeshi la Kijerumani, na anaanguka kifafa barabarani mbele ya mtaa mzima. Majirani wanamzunguka Antonio, wanamtetea mtoto wao. Askari anaitwa, anapekua chumba. Na nini kimo chumbani? Dhiki. Chumba kimoja kinacholaza watu kadhaa, mama yuko jikoni, hakuna baiskeli. Askari anamweleza Antonio ukweli wa kisheria: huna shahidi, huna ushahidi. Antonio anaondoka huku mtaa ukimzomea.

Kisha uwanja wa mpira. Ndani watu wanashangilia, nje baiskeli zimepangwa mamia kwa mamia. Antonio anakaa ukingoni mwa barabara, anasimama, anazunguka, anakaa tena. Pembeni, kwenye mlango mmoja, kuna baiskeli imeegemezwa peke yake. Anampa Bruno nauli ya tramu amtangulie. Bruno anaikosa tramu. Na kwa hiyo anaona.

Hapa nataka nisimame kidogo, Mwenyekiti, maana sisi tunaoishi katika miji hii tunaliona tukio lifuatalo kwa macho ambayo Mroma hakuwa nayo. Kilio kinapigwa: mwizi! Watu wanatokea kutoka kila upande.

Nilikuwa kijana wa miaka 19, karibu na stendi ya mabasi, kilio hicho kilipopita mbele yangu. Sikujua ni nani aliyeibiwa, wala sikujua kilichoibwa. Nilikimbia pamoja na wengine hatua thelathini au arobaini kabla sijajiuliza nakimbilia nini. Sitasimulia kilichofuata. Wengi wenu mmeona, na waliokuwa na bahati ya kutoona hawahitaji kuona kupitia kwangu. Ninachotaka kukiri ni zile hatua. Miguu ilikuwa yangu. Mkononi nilikuwa na jiwe, na mpaka leo sikumbuki niliinama saa ngapi kuliokota.

Tuna msemo kwamba siku za mwizi ni arobaini. Unadhania kwamba mwizi ni aina ya mtu, mwenye mazoea yake, anayekula siku 39 na kukamatwa ya 40. Antonio hakupata hata dakika mbili. Aliamka asubuhi akiwa mwenye haki, akashinda akimtafuta mwizi, na jioni yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akipigwa vibao na kuangushwa kofia. Anayepigwa pale ni mtu tunayemjua. Tunajua mashuka ya mkewe yako rafu ya ngapi. Je, yule wa pale stendi, mashuka yake yalikuwa wapi? Swali hilo sikujiuliza nikiwa na miaka 19. Nilijiuliza nilipokuja kuitazama filamu hii nikiwa mwanafunzi, ikabidi nitoke nje nisimame ukutani mpaka imalizike.

Mwenye baiskeli anamtazama mshtakiwa, kisha anamtazama Bruno, ambaye ameokota kofia ya baba yake na kuikung'uta vumbi huku analia. Anasema basi, mwacheni. Watu wengi huliita tendo hilo huruma na kuishia hapo. Mimi naona kwamba jioni ile moja ina misamaha miwili. Wa kwanza ni wa Antonio, aliyemwachia kijana wa kifafa akiwa amepoteza kila kitu, kwa sababu hakuwa na ushahidi na hakuwa tena na nguvu. Wa pili ni wa bwana huyu, ambaye baiskeli yake imesharudi mikononi mwake. Simdharau. Ningefurahi kama stendi ile ingekuwa na mtu mmoja kama yeye, mwenye haki zote za kudai kisasi na akatazama pembeni akamwona mtoto.

Mhakiki Mfaransa André Bazin aliandika kuhusu filamu hii kwamba dai lake ni kuwa, katika dunia anayoishi mfanyakazi huyu, maskini hulazimika kuibiana ili waishi. Nakubaliana naye kwa kila neno. Nitaongeza tu kwamba filamu imelitunza dai hilo bila kulitamka. Hakuna mhusika anayelisema. Linatembea kwa miguu, kutoka Val Melaina hadi uwanja wa mpira.

Hoja ya nne: Bruno

Hoja hii ni fupi. Wako wanaosema kwamba mtoto amewekwa ili tulie, na kwamba machozi ya mtoto ni njia rahisi. Naomba watazame anachopewa kufanya. Asubuhi ya kwanza tunamkuta akiipangusa baiskeli gizani, na ni yeye, si baba, anayegundua kwamba pedeli imebonyezwa ikiwa rehani, na anauliza kwa nini baba hakulalamika. Kabla ya kutoka anafunga dirisha ili mwanga usimwamshe mdogo wake. Huyo ni mfanyakazi mwenye uzoefu, mwenye macho makali kuliko baba yake.

Baada ya Antonio kumpiga kibao bila kosa, na baada ya hofu ya pale mtoni, ambapo baba anasikia kelele za mtoto anayezama na kudhani ni wake, wanaingia mgahawani. Meza ya jirani mtoto wa kitajiri anakula na kugeuka kumtazama Bruno. Bruno naye anakula mkate wake wa jibini iliyokaangwa, anaivuta jibini kwa meno, anafurahi. Halafu baba anampa penseli apige hesabu ya mshahara uliopotea. Mtoto anaandika tarakimu, na furaha inazidi kupungua kadiri jumla inavyokua. Sijui filamu nyingine ambamo kujumlisha kunauma namna ile.

Na mwishoni anaushika mkono wa baba. Hakusema neno. Wote wawili wanamezwa na umati unaotoka mpirani, migongo imetugeukia, nasi hatuwatambui tena.

Mwenyekiti, nimalizie kwa kutazama mbele, maana hatukukutana hapa kuomboleza.

Mwanzoni nilimtaja Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani. Baada ya filamu kusifiwa dunia nzima, na baada ya kupewa tuzo maalumu ya Oscar, yeye alirudi kiwandani, na haikuchukua muda akapunguzwa kazi. Alizunguka akitafuta vijisehemu kwenye filamu za watu. Uso uliotufundisha jambo hili uliendelea kuliishi. Nalisema kwa ajili ya vijana wetu wanaotengeneza filamu na kuwaita watu wa mtaani waigize maisha yao wenyewe. Mtakapowaita, fikirieni pia siku baada ya kamera kufungwa.

Satyajit Ray aliiona filamu hii London mwaka 1950, akarudi India na kutengeneza "Pather Panchali". Ousmane Sembène, mwaka 1963, alimpandisha Msenegali kwenye mkokoteni wa farasi mjini Dakar katika "Borom Sarret", filamu ya dakika kama ishirini tu. Mkokoteni ndio cha kwanza na cha mwisho alichonacho yule bwana. Anaingia nao mtaa wa wakubwa ambako mikokoteni hairuhusiwi, askari anaukamata, na anarudi nyumbani kwa miguu akimkokota farasi. Mkewe anampa mtoto amshike na kutoka nje, akimwahidi kwamba leo watakula. Sembène hatuonyeshi anakokwenda.

Sisi tuna kamera, tuna waigizaji, na tuna lugha inayosikika kutoka Pwani hadi Bukavu. Filamu zetu nyingi, nazipenda na nazinunua, hukaa sana sebuleni, kwenye makochi mazuri, na watu wake hawajulikani wanaishi kwa kipato gani. Ningependa kuona moja inayotaja bei. Mama lishe ana sufuria ngapi, na moja ikitoboka kesho anapikia nini? Fundi cherehani wa barazani, cherehani ni yake au ya kukodi? Msukuma mkokoteni wa maji anamlipa nani jioni?

Kwa hiyo nimemwomba Mwenyekiti, naye amekubali, kwamba mwezi ujao tukutane ukumbi huuhuu tuitazame "Borom Sarret". Vijana mnaoandika miswada, na hasa wewe uliyeniuliza kuhusu baiskeli, njooni kila mmoja na ukurasa mmoja. Andikeni juu ya mtu mmoja mnayemjua na kitu kimoja anachokitegemea. Andikeni alikipataje, kwa shilingi ngapi, kinalala wapi usiku, na nani hulala kati yake na mlango.